Chokaa Nyeupe, Kodi Mpya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Meya alisimama kando ya bomba la ua akapanga foleni ya ndoo. Si kwamba alikuwa meya wa mji wowote. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba wa miguu, mkubwa wa sauti, na jina hilo alipewa na watoto wenzake wa nyumba ya kupanga siku walipomchagua awaongoze. Vyumba vya nyumba ile viliuzunguka ua mmoja: kila familia chumba chake, bomba la wote, choo cha wote, na magomvi ya wote. Tangu Meya ashike uongozi, magomvi ya bombani yalipungua. Hata kinyozi wa chumba cha pembeni, ambaye utani ulimtoka kuliko nywele alizokata, alimwamkia kila siku, "Shikamoo, Mheshimiwa," ndoo ikiwa mkononi.

Rafiki yake alikuwa Sindano, binti wa fundi cherehani mjane aliyekaa chumba cha mkabala. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Ukimwona mmoja, mwingine hayuko mbali.

Likizo ilipofika, Meya aliwakusanya wenzake. Mtaro ulikuwa umeziba na kunuka, kuta zimechujuka, ua umejaa mashimo. Watoto wakazibua mtaro, wakafukia mashimo kwa kokoto, wakaomba chokaa iliyosalia kwa fundi rangi aliyekuwa akimaliza kazi mtaa wa pili. Wazazi walipita wakitoka kazini, wakasema hongereni, wakaingia ndani kujinyoosha. Hakuna aliyeketi nao wala kuwauliza lolote. Kazi ilipokwisha, ua uling'aa hata kuku wa jirani walisita kuingia.

Sindano alitaka wafurahi wenyewe, basi. Meya alitaka ionekane. Bila kumwambia mtu mzima yeyote, akaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mwenye nyumba, akamkaribisha aje aone. Njia nzima alikuwa akizisikia sifa kabla hazijatamkwa.

Mwenye nyumba alikuja, na kweli alisifu. Alimshika Meya begani akasema wazazi wake wamepata mtoto. Lakini hakuja peke yake. Alikuja na dalali, naye dalali hakusifu kitu. Alipima vyumba kwa hatua zake ndefu, akapiga picha kuta, akaitabasamia simu yake.

Baada ya siku chache, dalali alirudi na habari. Kodi inapanda mwisho wa mwezi, tena si kidogo. Nyumba sasa ni nzuri, alisema, na nyumba nzuri ina watu wake. Asiyeweza aanze kutafuta pengine.

Jioni hiyo ikajulikana ni nani aliyemwita mwenye nyumba. Kinyozi akamgeukia Meya, akasema, "Umempamba bibi harusi vizuri, Mheshimiwa. Sasa mahari yake sisi hatuna."

Watu walicheka, kicheko kikafia njiani. Kesho yake hakuna mtoto aliyemfuata Meya bombani, na ndoo zikaanza tena kugongana.

Aliyeumia kuliko wote ni yule fundi cherehani, mama yake Sindano. Kushona viraka na kupunguza suruali za watu hakukuweza kulipa kodi ile. Akiogopa kutupwa nje na mtoto, aliharakisha kutafuta chumba nje kabisa ya mji, akakipata. Sindano angehama shule. Alimweleza Meya mwenyewe, wakiwa wameketi kizingitini, bila kupandisha sauti.

"Bora ungenitukana," Meya alisema.

"Nikutukane, halafu huko niendako nitamkumbuka nani?"

Meya alienda kujificha nyuma ya tangi la maji, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Mama yake, aliyefua mashuka ya hospitali, alimkuta hapo mikono yake ikiwa bado inanuka sabuni. Meya akamwambia kwamba umeya basi, hautaki tena. Kila anachokigusa kinaharibika.

Mama hakumbembeleza kwa uongo. Alimwambia kwamba kumwita mwenye nyumba bila kuwauliza wenzake lilikuwa kosa. Kisha akaketi kando yake, akashusha sauti. "Lakini sisi wakubwa tulipita hapa kila jioni. Tuliona mnachofanya. Tulikuachia mzigo wa ua mzima, na ulipokuelemea tukakucheka. Na sisi tumekosa, mwanangu."

Alinyanyuka akaanza kugonga milango. Kwa mara ya kwanza wapangaji wote waliketi uani pamoja, wakubwa kwa wadogo. Kinyozi alikuja na kigoda chake, akampisha Meya aketi, yeye akasimama. Walikubaliana kwamba hakuna atakayeenda kujitetea kivyake. Wataenda wote, na Meya ndiye atakayeanza kusema, kwa kuwa kazi ile aliiongoza yeye.

Dukani, katikati ya mifuko ya saruji, Meya alitangulia mbele. Mama alisimama kulia kwake, kinyozi kushoto.

"Mzee, ulizisifu kuta," alisema. "Kuta hazikujipaka. Mtaro haukujizibua. Ukiwaondoa walioifanya nyumba iwe nzuri, utabaki na nyumba gani?"

Mwenye nyumba alijitetea kwamba kila kitu kimepanda bei. Kinyozi akamjibu kwa heshima kwamba hata wao wananunua sokoni hukohuko. Yalizungumzwa mengi, mbele ya kiongozi wa mtaa aliyeitwa asikilize. Mwisho mwenye nyumba alikubali: kodi itabaki ileile mpaka mwaka uishe, ikibidi kupanda wataketi kwanza wazungumze, na gharama za matengenezo watakayofanya wapangaji zitapunguzwa kwenye kodi.

"Na chumba cha fundi?" Meya aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa. Dalali alikuwa amekwisha kumpangisha mtu mwingine, na ahadi ilikuwa imetolewa.

Basi siku ya kuhama, mkokoteni ulipakiwa kitanda, masufuria na cherehani iliyofungwa kwa blanketi. Meya alishindwa kumtazama fundi usoni. Mwanamke huyo akamvuta karibu, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka.

"Nisikilize, Meya. Mimi nimewahi kumkatia mtu kitambaa vibaya, nikalia kama wewe. Sikuacha ushonaji, ila tangu hapo siweki mkasi kabla ya kumuuliza mwenye nguo. Kiongozi naye aulize kwanza, kwa sababu anachokata si chake peke yake." Akawageukia wapangaji waliosimama mlangoni. "Na nyie msimwache tena akawa peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Kinyozi aliinamisha kichwa.

Mwenye mkokoteni alivuta mbele, Meya na Sindano wakausukuma nyuma bega kwa bega, wakipita kwenye vumbi na mawe. Walipofika kwenye barabara ya lami, magurudumu yakawa mepesi, na mkokoteni haukuhitaji tena mtu wa kuusukuma. Sindano akaufuata pamoja na mama yake; Meya akabaki ukingoni mwa barabara, akiwapungia mkono.