Koti la Wamalwa na Ukuta Uliopumua

Kila Jumamosi, akimaliza kuanika nguo, Triza alitoka nyumbani kwake mtaani Umoja akaenda mtaa wa Makongeni kulitazama koti la marehemu mumewe.

Wamalwa alikuwa mfanyakazi wa reli. Baada ya matanga, jamaa waligawana nguo zake, kama ilivyo desturi. Lilibaki koti lake la kazi, la buluu, lenye vifungo vya shaba. Triza alilipeleka kwenye jumba jipya la makumbusho ya reli, likatundikwa ukutani ili wageni walione.

Jumba lile halikufanana na nyumba za jirani. Kuta zake nene zilikuwa za udongo ulioshindiliwa. Juu ya paa kulipandwa nyasi. Hakukuwa na feni, lakini jua lilipochoma nje, ndani kulikuwa baridi kama ndani ya mtungi.

Alasiri moja ya Februari, Triza alisimama peke yake mbele ya koti. Akasikia pumzi. Ilivutwa polepole, ikakatika, ikavutwa tena. Ilitoka ukutani, chini ya koti. Mkono mmoja wa koti ukainuka kidogo, ukashuka.

Wamalwa alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Triza aliijua pumzi ile.

Jioni aliwaeleza mwanawe, Luseno, na mke wa Luseno, Asenath.

"Mzee alichukia zamu ya Jumamosi akiwa hai," Luseno akasema. "Leo aende kazini bila kuitwa?"

"Wewe cheka tu. Baba yako anasikia baridi."

Asenath hakucheka. "Sasa tufanye nini, Mama?"

"Tumzuilie upepo."

Jumamosi iliyofuata walibeba vipande vya blanketi kuukuu. Chini ya koti, karibu na sakafu, kulikuwa na safu ya matundu yenye wavu. Asenath alilinda mlango. Triza akapiga magoti, akayaziba yote. Pumzi ikakoma.

"Amelala," Triza akanong'ona.

Mvua za Aprili zikaja. Wageni waliingia na nguo zilizolowa. Hewa ndani ikawa nzito, ikanuka kama gunia bichi. Siku moja Triza na Asenath walifika mbele ya koti. Kifuani palikuwa na alama nyeupe, mfano wa kiganja cha mtu aliyejishika kifua.

Triza aliigusa. Ikabaki kidoleni kama unga.

"Tumemziba pumzi," akasema. "Na koti linaoza. Sina kingine chake."

Kavinya, msimamizi wa jumba, alimsikia. "Mmeziba nini, shosho?"

"Kwetu nyanya huitwa kukhu," Triza akajibu. Kisha akamweleza yote.

Kavinya aliinama, akavuta vipande vya blanketi. Vilikuwa na maji. Mara pumzi ikarudi. Asenath akamshika mama mkwe wake mkono.

Kavinya alichana karatasi laini, akaishika mbele ya tundu. Ikapepea kuelekea ndani.

"Nani anaisukuma?" Asenath akauliza.

"Tazama juu." Kavinya alionyesha bomba pana lililopanda hadi juu ya paa. "Hewa ya moto ni nyepesi. Hupanda, ikatokea pale. Inapotoka, hewa baridi ya bustani huingia kwa matundu haya. Upepo ukipita juu ya bomba, mvuto huongezeka, ndipo mnasikia sauti. Hivi ndivyo jumba linavyopoa bila umeme. Hewa hiyo pia huondoa unyevu. Ukiiziba, unyevu hubaki na ukungu huota."

"Kwa hivyo si yeye," Triza akasema.

"Mimi najua habari za hewa tu, kukhu. Hayo mengine siwezi kukujibu."

Kavinya alilianika koti kivulini, penye upepo. Lilipokauka, alijifunika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la ukungu hudhuru mapafu, akalipiga brashi laini. Alama ikatoka, isipokuwa mstari mmoja mwembamba, kama kidole.

Nyumbani, Asenath alitazama chumba cha Triza. Matundu ya juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa kwa magazeti, kuzuia baridi. Kona ya ukuta ilikuwa nyeusi. Na Triza alikohoa kila asubuhi.

"Hata hapa tunajiziba," akamwambia mumewe.

Luseno alitoa magazeti, akaweka wavu wa mbu. Akatoboa matundu mengine chini, upande wa pili wa chumba, nayo akayawekea wavu. Waliosha ile kona, ukuta ukakauka. Kufikia Agosti, kikohozi cha Triza kilikuwa kimepungua sana.

Jumamosi moja wanafunzi walikuja kwenye jumba. Pumzi ilipovutwa, walirudi nyuma wakisukumana.

"Njoo uweke mkono hapa," Triza akamwambia msichana mmoja.

Msichana akauweka kwenye tundu. "Ni baridi. Ni hewa tu?"

Triza alitazama mkono wa koti ukiinuka taratibu.

"Ni hewa," akasema. "Basi ondoa mkono, isije ikakatika."