Benchi la Getini

Kila alfajiri mtaa wetu wa Igogo huamshwa na harufu ya mkate. Tanuri ni la Pius, lakini mwokaji kwa miaka mingi alikuwa Obedi. Siku moja Obedi alimpa bosi wake taarifa ya kuacha kazi, tena kwa maandishi. Baada ya mwezi mmoja angehamia Geita kumtunza mama yake mgonjwa.

Unadhani alishukuriwa? Pius alimvua aproni mbele ya wateja. Akamweka kwenye benchi la getini, akae hapo kutwa bila kazi. Wenzake wakakatazwa hata kumsalimia. Mtu mzima, baba wa watoto, ameanikwa juani kama dagaa! Nilipita pale kununua mkate, nikarudi nyumbani bila mkate. Hasira zilinishika.

Queen, muuzaji wa dukani, aliona yote. Jumatatu hakuja kazini. Alikuwa amepata kazi Mkuyuni, akaondoka kimya. Pius akaenda kulalamika kwa jirani yake, Mama Wilhelmina, ofisa kazi mstaafu.

"Shikamoo, mama. Vijana wa siku hizi hawana shukrani. Queen ameniacha bila hata neno."

"Marahaba. Aseme neno ili naye akae kwenye benchi?"

Pius alivuta kigoda, akaketi.

"Obedi alikuheshimu, wewe ukamwadhibu," mama aliendelea. "Kutoa taarifa ni haki yake, si usaliti. Mpaka siku ya mwisho yeye ni mfanyakazi wako kamili. Mrudishie kazi yake, na umpe mtu wa kumfundisha. Akiondoka, mlipe stahili zake zote na umpe cheti cha utumishi. Lakini kwanza kamwombe radhi. Ulimdhalilisha mbele ya watu, basi iwe mbele ya watu."

Pius alikwenda. Alimwomba Obedi radhi mbele ya wateja. Obedi akavaa aproni yake, akamfundisha Yeremia, kijana wa kukanda unga, kazi ya tanuri. Siku ya kuondoka, wenzake walimsindikiza hadi stendi, cheti chake kikiwa kwenye begi.

Mwaka huu Yeremia naye alimfuata Pius, akasimama mbali kidogo.

"Bosi, nimepata kazi Bukoba. Nitaondoka mwisho wa mwezi ujao. Nimeona nikuambie mapema."

Lile benchi sasa liko ndani, karibu na tanuri. Pius alilivuta.

"Kaa hapa," alisema. "Tumfundishe nani?"