Njia ya Liwazo

Bangili ya Salu ilibadilika rangi katikati ya hesabu za kugawanya. Ilianza kuwa ya njano, na kabla hajaweka kalamu chini ikawa nyekundu. Juu ya paa la Shule ya Msingi Mawemawili, kuba la kioo lililokuwa la kijani tangu asubuhi likapata doa jekundu upande wa darasa la pili. Mlango mdogo ulioko mwisho wa baraza ukafunguka, Liwazo akatoka.

Alikuwa roboti mwenye kimo cha mtoto wa darasa la nne. Aliteleza juu ya magurudumu yasiyo na sauti, mikono yake ya kitambaa laini ikiwa tayari imepata joto sawa na la mwili wa binadamu.

"Pisha! Pisha!" waliita watoto waliokuwa wakifagia baraza, wakajibana ukutani.

Darasani, wanafunzi walisogeza madawati kushoto na kulia bila kuambiwa. Njia ikabaki wazi hadi kwa Salu. Liwazo akamkumbatia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anamwelewa, kwamba huzuni hupita, kwamba wavute pumzi pamoja. Msichana akavuta pumzi. Bangili ikarudi njano, halafu kijani. Madawati yakarudishwa, na mwalimu akaendelea na kugawanya.

Nje ya dirisha alisimama Injinia Dorka Msengi, kishikwambi mkononi. Yeye ndiye aliyembuni Liwazo. Bangili-hisi ilisoma mapigo ya moyo, jasho na pumzi za kila mtoto. Kuba likakusanya habari hizo na kuzionyesha kwa rangi. Liwazo akaenda palipo na shida. Wazo hilo alilibeba tangu utotoni, alipokuwa akijificha nyuma ya stoo ya shule yao na kulia mpaka kengele igongwe, na hakuna aliyewahi kuja kumtafuta. Alipohitimu chuo aliapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayelia peke yake.

Leo ilikuwa siku ya kukaguliwa. Afisa Elimu wa Jimbo angefika wakati wa uji, na akiridhika, Liwazo angepelekwa katika kila shule ya jimbo kabla ya mvua za masika.

Dorka alipaswa kufurahi. Badala yake alikuwa anazunguka. Alikwenda mpaka getini akarudi. Alikagua magurudumu yaliyokwisha kukaguliwa. Upepo wa Singida ulikuwa ukivuma bila kupumzika, mapanga ya mitambo ya umeme yakizunguka juu ya mawe makubwa nyuma ya shule, na kila yalipozunguka alihisi kama yanamharakisha kwenda mahali asipopajua.

"Huyu Salu," alimwambia mwalimu mkuu, Mwalimu Kitundu, aliyekuwa akinyoosha bendera iliyojisokota mlingotini. "Asubuhi hii tu Liwazo amemwendea mara tano. Ana nini?"

"Amefiwa na bibi yake. Ndiye aliyemlea. Wamezika wiki iliyopita, leo ndiyo amerudi." Mwalimu Kitundu alitabasamu kwa fahari. "Lakini umeona? Kila mara kuba linarudi kijani. Zamani mtoto kama huyo angetulilia wiki nzima, Injinia. Sasa hata sauti yake huisikii."

Dorka alitazama kishikwambi chake. Habari za msiba zilikuwamo tangu alfajiri. Alikuwa amezisoma, akaongeza kidogo joto la mikono ya Liwazo kwa ajili ya mtoto huyo, akaendelea na kazi hata akalisahau jina lake.

Alikwenda jikoni kuomba maji. Ukutani vikombe vya bati vilining'inia kwenye misumari, viwili viwili, kila jozi imepakwa rangi yake: viwili vya bluu, viwili vya machungwa, viwili vyenye mistari myeupe. Vingi vilikuwa na vumbi.

"Hivi ni vya nini, mama?" alimwuliza mpishi.

"Vya ndugu wa kikombe. Mtoto wa darasa la sita alikuwa anapewa mdogo wa kumwangalia. Anamchotea uji, anamfunga kamba za viatu, wakipigana huko anamwamulia. Siku hizi kila mtu anajichukulia kikombe chochote."

"Mlikataza?"

"Nani akataze? Walisahau tu. Alipokuja huyo wako mwenye magurudumu, wakaona hawana kazi."

Dorka akayanywa maji haraka, mengine yakamwagikia kifuani.

Barazani alimkuta msichana mrefu wa darasa la sita akikung'uta kifutio. Jina lake Elinami. Pembeni yake alikaa mvulana aitwaye Mkumbo, aliyesifika kwa kuchekesha hata wakati wa sala.

"Shikamoo, Injinia," walisema pamoja.

"Marahaba. Elinami, unamfahamu Salu?"

"Ndiyo. Ni jirani yetu. Alikuwa mdogo wangu wa kikombe, cha bluu."

"Umeshampa pole?"

Elinami alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ameshalimwagilia jua maji.

"Liwazo ameshampa," alisema.

"Wewe je?"

"Liwazo ameshampa, Injinia. Mara nyingi."

"Halafu yeye anajua kusema vizuri," aliongeza Mkumbo. "Huyu Elinami akisema atamliza zaidi. Ana sauti ya mashine ya kusaga."

"Na wewe una kichwa cha gunia," Elinami alijibu, akampulizia vumbi la chaki.

Wakacheka. Dorka hakucheka. Alisimama pale na kishikwambi kikitetema mkononi. Kilikuwa kinamwarifu kwamba gari la Afisa limekwisha kuingia barabara ya shule.

Angeweza kunyamaza. Kuba lilikuwa la kijani, namba zote zilikuwa nzuri, na miaka sita ya kazi yake ilikuwa inakaribia kupokewa kwa mikono miwili. Kitu alichokiona hakikuwa na namba. Lakini kama alikiona sawasawa, basi kabla ya masika angekuwa amekipeleka katika kila shule ya jimbo.

Afisa Elimu, Bi. Hawa Mntambo, aliteremka kwenye gari akishikilia ushungi wake usichukuliwe na upepo. Alikuwa mama mnene mwenye macho ya haraka. Alisalimia, akaonyeshwa kuba, akasifu. Kengele ya uji ikagongwa. Watoto wakamiminika uwanjani na vikombe vyao.

Salu alichota uji, akaenda kukaa peke yake kwenye kizingiti cha stoo. Alipiga funda moja. Kisha akakiweka kikombe chini, na bangili yake ikawa nyekundu.

"Pisha! Pisha!"

Watoto waligawanyika mara moja. Mistari miwili ilinyooka kutoka barazani hadi kwenye kizingiti, na katikati ikabaki njia pana, safi.

"Mashaallah, nidhamu ya ajabu," alisema Bi. Hawa. "Haya, na tumwone."

Mlango mdogo haukufunguka. Watoto waliutazama. Mwalimu Kitundu aliutazama, halafu akamtazama Dorka.

"Mashine imeharibika?" aliuliza Bi. Hawa.

"Haijaharibika. Nimeizuia."

"Umeizuia? Mtoto analia!"

"Nimesikia, Bi. Hawa."

Salu alikuwa ameanza kulia kwa sauti. Dorka alikuwa ameweka kidole juu ya alama ya kumwachia Liwazo. Kuibonyeza tu, na huyo angetoka. Miguu yake haikutulia. Aliukanyaga mguu mmoja kwa mwingine. Aliikumbuka stoo ya shule yao, harufu ya mahindi na panya. Sasa alikuwa amesimama mbele ya stoo nyingine, mtoto mwingine analia, na safari hii anayezuia msaada ni yeye. Watoto wote walikuwa pale, karibu kiasi cha kumgusa. Hakuna aliyesogea. Hawakuwa na roho mbaya. Waliipisha njia, wakasubiri, kama walivyofundishwa.

"Mbona haji?" alinong'ona Mkumbo. "Uji unapoa."

"Injinia, tafadhali," alisema Mwalimu Kitundu.

Kidole cha Dorka kilianza kushuka. Hapo ndipo Elinami alipotoka mstarini, akamjia yeye badala ya kwenda kwa Salu.

"Injinia, huwa anasemaje?"

"Nani?"

"Liwazo. Anaanza na neno gani? Mimi sijui maneno yanavyopangwa."

"Hayapangwi, Elinami. Sema lolote ulilo nalo."

Elinami aliitazama ile njia. Alitembea katikati yake taratibu, akishika upindo wa sketi, kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe bila kubisha hodi. Akafika. Akasimama.

"Salu," alisema. "Bibi yako alikuwa ananitukana."

Mwalimu Kitundu akashika kichwa.

"Nikipanda mpera wake," Elinami aliendelea. "Alikuwa ananiita panya buku. Halafu nikishuka ananiambia, haya, panya buku, yachukue haya yaliyoiva, hayo mabichi yatakuumiza tumbo."

Kilio kilikatika. Salu aliinua uso uliojaa kamasi.

"Hata mimi alikuwa ananiita panya buku," alisema.

"Basi tulikuwa wawili."

Salu alitoa sauti iliyoanza kama kicheko, halafu ikapasuka ikawa kilio kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Elinami akakaa kizingitini akamvuta kifuani, na yeye mwenyewe akaanza kulia. Mkumbo akaacha mstari, akaenda akasimama mbele yao, akamnyooshea Salu kikombe chake mwenyewe. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Mistari miwili ikakunjika kuelekea katikati. Mkono baada ya mkono mdogo: pole Salu, pole, pole sana.

Juu ya paa, kuba lilikuwa likigeuka. Doa moja likawa matatu, likawa kumi. Bangili za watoto ziliwaka moja baada ya nyingine, maana wengi wao walimjua yule bibi na mpera wake, na hakuna aliyekuwa bado amemlilia. Punde kioo chote kikawa chekundu. Tangu kuba liwekwe halikuwahi kusoma siku mbaya kama hiyo.

Bi. Hawa alilitazama, kisha akamgeukia Dorka.

"Kwa kipimo chako mwenyewe, Injinia, hii ni hatari."

"Ndiyo. Kwa kipimo changu." Dorka alikishusha kishikwambi. "Nilimfundisha kufika haraka kuliko mtu yeyote. Sikumfundisha kungoja watu. Siwezi kuwapa shule nyingine kitu hiki kilivyo. Nipeni muda. Nitamfanya awe wa mwisho kufika, kwa ajili ya yule ambaye kweli hakuna aliyemwendea."

"Muda gani?"

"Sijui bado."

Afisa alifunga vizuri ushungi wake, akavuka uwanja, akajiunga na foleni ya watoto. Mwalimu Kitundu akamfuata, akifuta miwani.

Dorka alibaki peke yake karibu na ule mlango mdogo. Ndani alisikia Liwazo akigonga kwa upole, mara kwa mara, akitaka kutoka. Aliizima sauti ya kishikwambi, akakiweka chini ukutani, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya mtoto wa darasa la kwanza mwenye kiatu kimoja kilichofunguka kamba. Akainama akamfunga.

Foleni ilisogea. Alijaribu kupanga maneno, yakamtoroka yote. Kama angekuwa amevaa bangili, bila shaka ingekuwa nyekundu.

Ikafika zamu yake. Alichuchumaa, akaushika mkono wa Salu, mkono mdogo unaonata uji.

"Pole, mama," alisema. "Nilijua tangu asubuhi. Nilichelewa."

Salu alimtazama, akavuta kamasi, akasogea kidogo pale kizingitini ili naye apate pa kukaa.