Shavu la Shangazi

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia saluni ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alivua sare, akavaa fulana kuukuu, akashika ufagio. Kazi yake ilikuwa kufagia nywele zilizodondoka, kuosha vitana kwa maji ya moto na sabuni, na kumkabidhi Shangazi nywele za kusukia fungu kwa fungu bila kuzitatiza. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao haukupumzika. Alisimulia ya darasani, ya njiani na ya majirani, mpaka wateja wakampa jina la Chiriku. Shangazi alikuwa akimtania kwamba mdomo ule ungelipishwa kodi, ungemaliza deni la mtaa mzima.

Shangazi alikuwa dada yake baba, mwanamke nadhifu ambaye hakutoka nje bila poda usoni. Chiriku alimpenda kupita kiasi. Kwake ndiko alikojifunza kusuka, na kwake ndiko alikokimbilia akigombezwa nyumbani.

Alasiri moja Shangazi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja mikono yake iliposimama. Aligusa shavu lake la kushoto, chini kidogo ya sikio, akamwomba mteja amsubiri, akaingia nyuma ya pazia. Alipokawia, Chiriku alimfuata na taulo. Alimkuta amesimama mbele ya kioo kidogo. Pale shavuni ngozi ilikuwa imewiva wekundu, na juu yake vilikuwa vimejazana vilengelenge vidogo kama punje za mtama, vimejaa maji.

"Umerudi," Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Mkanda wa jeshi umerudi."

Chiriku aliijua habari hiyo. Mara ya kwanza malengelenge yale yalipotokea, muuzaji wa duka la dawa alimtazama Shangazi kwa mbali tu, akasema ni mkanda wa jeshi, akamuuzia dawa ya kupaka. Mtu mmoja aliyekuwa dukani akalisikia neno lile, akalibeba. Haukupita muda, watu wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke wa umri ule hapatwi na mkanda wa jeshi bure, lazima kuna kubwa linalofichwa kwenye damu yake. Viti vya saluni vikabaki vitupu kwa miezi. Chiriku alimkuta Shangazi siku moja amejifungia stoo, analia katikati ya madumu ya shampuu.

Tangu hapo ugonjwa ulikuwa umerudi mara kadhaa, kila mara mahali pale pale. Kwanza ngozi inachonyota, kisha vilengelenge, kisha makoko yanayokauka na kudondoka. Na kila mara Shangazi alibandika plasta, akawaambia watu ameungua na mashine ya nywele.

"Mama yako asijue, na baba yako asijue," alisema sasa, akimshika Chiriku mabega. "Hii ni yangu na yako. Umenielewa?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Ahadi ile ilimlemea tangu siku hiyo hiyo, kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa na mtoto mchanga.

Mdogo wake alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali alikozaliwa. Walimwita Bwana Mdogo, maana hata usingizini alikunja uso kama meneja anayesubiri wafanyakazi waliochelewa. Siku Mama aliporuhusiwa kutoka, muuguzi alitoa maelekezo mbele ya wote, na Chiriku alikuwepo, amekumbatia mfuko wa nguo za mtoto. Muuguzi alisema watu wanawe mikono kabla ya kumshika, na kwamba mtu yeyote mwenye malengelenge au vidonda usoni au mdomoni akae mbali na mtoto mpaka apone kabisa.

Jioni ya siku ya ahadi ile, Shangazi alifika na nepi pamoja na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Shavu lilikuwa limefunikwa poda nzito. Chiriku alimuwahi mlangoni na kumkumbusha kwa kunong'ona maneno ya muuguzi.

"Mkanda wa jeshi hauambukizi," Shangazi alimjibu. "Niliuliza pale pale dukani. Nisimbebe mtoto wa kaka yangu, watu wasemeje?"

Akaingia, akanawa mikono vizuri, akampokea mtoto. Alimlaza begani, akakilaza kichwa chake kidogo kwenye shavu lake, akaanza kumwimbia polepole. Chiriku alisogea na kuomba ampokee yeye. Mama akamwambia amwache shangazi yake afaidi, kwani yeye Chiriku anaishi na mtoto nyumba moja. Chiriku akaenda kuosha vyombo, na kikombe kilimponyoka mara mbili.

Shangazi alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa. Kila alipombeba mtoto, Chiriku alijiambia kwamba safari hii atasema. Kisha alikumbuka vile viti vitupu, akafyata ulimi. Mama aliona binti yake amepooza, akamgusa paji la uso kuangalia kama ana homa. Hakuwa nayo.

Homa ilimjia mtoto, wiki iliyofuata. Asubuhi alinyonya kidogo, akaliachia titi. Mchana akalikataa kabisa. Chiriku aliporudi kutoka shuleni alimkuta Mama ameketi kitandani, anamtikisa mtoto taratibu ili aamke, na mtoto anafumbua macho na kuyafumba tena. Mwili wake ulikuwa wa moto. Juu ya sikio, pale nywele zinapoanzia, palikuwa na vipele vitatu vidogo.

"Ni vya joto hivi," Mama alisema, lakini sauti yake haikuamini.

Baba, ambaye ni fundi wa majokofu, alifika na gari lake la kazi bado limejaa mabomba na mitungi ya gesi. Alimtazama mtoto mara moja tu, akasema wapande wote. Njiani alimpigia simu dada yake. Walipofika hospitali, Shangazi alikuwa amekwisha fika, bado amevaa aproni ya saluni.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Alimpima mtoto joto, akamsikiliza kifua, akamulika vile vipele kwa tochi ndogo na kuvitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna mtu yeyote aliyembeba mtoto huku ana malengelenge mwilini. Mama alijibu haraka kwamba hakuna, wamefuata maelekezo yote. Baba naye akasema hakuna.

Daktari hakuridhika. Alisema vipele vile vinaweza kuwa vya joto, na vinaweza kuwa kitu kingine ambacho kwa mtoto mchanga hakisubiri. Akawataka wafikirie vizuri.

Chiriku alimtazama Shangazi. Shangazi aliinua mkono kuelekea shavuni, kisha akaushusha, akakaza macho sakafuni. Mtoto alitoa mlio mdogo usiofika hata kuwa kilio, na mlio huo ndio uliomshinda Chiriku.

"Shangazi alikuwa na malengelenge shavuni," alisema. "Alimbeba. Mimi nilijua."

Mama aligeuka, akamtazama binti yake, kisha wifi yake. Shangazi alikuwa amepauka.

"Ni mkanda wa jeshi tu, Daktari," alisema. "Hunirudia mara kwa mara."

"Hukurudia wapi?"

"Hapa."

"Kila mara hapo hapo?"

"Kila mara."

Daktari alisimama. Alimwita muuguzi, akaagiza vipimo vichukuliwe bila kukawia na mtoto aanzishiwe dawa ya virusi kwa dripu, wasingoje majibu. Muuguzi akamchukua mtoto, Mama akamfuata nyuma. Ndipo Daktari alipomgeukia Shangazi, akamwomba afute poda.

Chini ya poda kulikuwa na makoko, na kidonda kimoja kilichokuwa bado kibichi. Daktari aligusa kidonda kile kwa kijiti chenye pamba, akakitia kwenye kichupa. Alipokuwa akifanya hivyo alieleza, na Chiriku hakukosa hata neno moja.

Mkanda wa jeshi, alisema, unaletwa na kirusi kile kile cha tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini, kinalala ndani ya mishipa ya fahamu. Kikiamka miaka mingi baadaye, malengelenge hufuata njia ya mshipa na kutanda kama mkanda upande mmoja wa mwili, na maumivu yake ni makali. Wengi wanaoupata huupata mara moja tu maishani. Wachache unawarudia, lakini si kila baada ya miezi michache, tena kwenye doa lile lile.

"Malengelenge yanayorudi rudi sehemu moja, kwa kifungu kidogo, na ngozi inachonyota kwanza, mara nyingi ni ya kirusi kingine," alisema. "Kinaitwa herpesi. Ndicho kinacholeta vile vidonda vya mdomoni vinavyomtoka mtu akiwa na homa. Nacho hulala kwenye mishipa ya fahamu, ila huamka mara nyingi zaidi, na kinaweza kutokea shavuni, kidoleni, hata kiunoni. Kwa macho tu hata mimi naweza kudanganyika. Ndiyo maana tunapima maji ya kidonda."

Shangazi aliuliza kama yeye ndiye aliyemuua mtoto.

"Mtoto hajafa," Daktari alijibu. "Na sasa najua ninapigana na nini. Kaa hapa."

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Baba alisimama dirishani, akiwapa mgongo. Mama alitoka wodini mara moja kuchukua shuka, akasimama mbele ya Chiriku.

"Ulijua, ukaniacha nimpe mtoto," alisema, akarudi ndani.

Shangazi hakumtazama Chiriku hata kidogo. Walikuwa wametengana kwa kiganja tu, lakini Chiriku hakuthubutu kumgusa. Aliwaza kwamba kama majibu yatasema si kitu, atakuwa amemwaibisha Shangazi bure mbele ya kaka yake. Na kama yatasema ni kitu, atakuwa amenyamaza siku nyingi mno. Hakujua aombe lipi.

Majibu yalitoka kesho yake. Kirusi cha shavuni na kirusi cha vipele vya mtoto kilikuwa kimoja, nacho ni herpesi. Lakini Daktari alisema kimewahiwa kikiwa bado kwenye ngozi. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa safi, maana yake kirusi hakikuwa kimefika kwenye ubongo. Mtoto angelazwa wiki mbili akipata dawa kwenye mshipa, na baadaye angeendelea na dawa ya kunywa na kuangaliwa kliniki. Siku chache baadaye Bwana Mdogo alilidaka titi kwa nguvu, Mama akapiga ukelele wa maumivu huku machozi ya furaha yanamtoka.

Siku hiyo Shangazi alikuja wodini bila poda. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akamwomba wifi yake msamaha mbele ya wagonjwa wengine. Mama akamwambia kwamba hasira bado anayo, lakini alete kiti akae pale pale mlangoni, asimame kwa nini kama askari. Chiriku akakimbia kuleta kiti.

"Nilikubebesha mzigo usio wa rika lako," Shangazi alimwambia alipoketi. "Mtu mzima akikuambia ufiche jambo linaloweza kumuumiza mtu, hata kama ni mimi, usimsikilize."

Chiriku alitaka kumwambia kwamba alikuwa anaogopa viti vitupu, lakini kilichotoka ni kilio. Shangazi alimvuta, akampakata kama mtoto mdogo.

Daktari alikuwa amefika kukagua dripu, na alikuwa amesikia. Alimwambia Shangazi kwamba kirusi kile wanacho watu wengi mno, wengi wao walikipata utotoni kwa kubusiwa na watu waliowapenda, na hakina aibu yoyote. Hata mkanda wa jeshi wenyewe hauna aibu, humpata yeyote, na malengelenge yake nayo hayafai kuwa karibu na mtoto mchanga, kwa sababu yanaweza kumpa tetekuwanga. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Ugonjwa haukuwa kosa la shangazi yako, wala lako," alisema. "Lililotaka kutugharimu ni kuubandika jina bila kupima, halafu kuuficha. Wewe ulichelewa kusema, na usijidanganye kwamba hukuchelewa. Lakini ulisema, tena ilipokuwa vigumu zaidi kusema. Mtoto huyu ananyonya kwa sababu hiyo."

Miezi kadhaa baadaye, Bwana Mdogo akiwa amekwisha jifunza kucheka, simu ya Mama ililia wakati wanapanga nguo. Alikuwa Shangazi. Alisema shavu limeanza kuchonyota asubuhi hiyo, ameanza vidonge alivyoandikiwa na Daktari, wateja amewaambia ukweli, wawili wameondoka na wengine wamebaki, na wiki hii haji. Mama alimshukuru, akamuuliza kama ana chakula ndani. Kisha akafunga chakula kwenye bakuli, akampa Chiriku apeleke.