Pombe ya Damari Ilimwagwa Mchana Kweupe

Kata ilikuwa imeshagusa midomo ya Damari pale Anselm alipoipiga kofi. Ikaruka na kuangukia miguuni kwa wageni. Kabla mtu hajauliza kulikoni, Anselm akausukuma mtungi kwa mguu, na pombe yote ikatambaa uani.

"Anselm! Una wazimu?" Damari alipiga kelele.

"Pombe hii hainyweki."

"Umeionja saa ngapi wewe? Si ndiyo kwanza unafika?"

"Nimesema hainyweki. Asinywe mtu."

Alikuwa anahema. Pikipiki yake ilikuwa bado inaunguruma nje ya uzio, hata kuizima hakukumbuka.

Sasa jambo hili lina uzito wake. Katika mtaa ule wa Mitundu, kaya sita zilikuwa na mchezo wao. Kila mwezi kaya moja inapika pombe ya mtama, majirani wanakuja kuonja, wanasifia, wanatania. Hauziwi mtu hata kikombe. Sheria ilikuwa moja tu: pombe haionjwi mpaka wote wakae, na anayeanza kunywa ni mpishi mwenyewe, mbele ya macho ya watu, ili wageni wajue wako salama. Kumpiga mpishi kata mkononi ni kutangaza kwamba kaweka kitu.

Na Damari alikuwa anapika kwa mara ya kwanza. Baba yake, Mzee Mughwai, alihamia Mitundu kutoka Ikungi mwaka juzi, kwa hiyo bado walikuwa wageni wa kuangaliwa. Barua ya posa ya Anselm ilishapokelewa, harusi ingekuwa baada ya mavuno. Hata kimea cha kupikia, mtama uliooteshwa ukaanikwa, alipewa na mama mkwe mtarajiwa, Mama Marietha, mjane ambaye kila mtu alijua kwamba kimea chake hakina mpinzani. Alikuwa amekaa palepale mbele, kwenye kigoda cha heshima.

"Mwanangu, umelewa?" Mama Marietha aliuliza, akigeuza uso upande sauti ilikotoka.

"Hapana, mama. Twende nyumbani."

"Siendi popote mpaka uniambie mtoto wa watu kakukosea nini."

Anselm alimtazama mama yake. Akamtazama Damari. Akatoka. Pikipiki ikaondoka.

Belinda, jirani mwenye mdomo usiojua kupumzika, ndiye aliyeanza.

"Mwanaume hapigi kata bure. Kuna kitu kaona."

Jumapili watu walipotoka kanisani, kile kitu kilikuwa kimeshapata jina. Limbwata! Eti binti wa Mughwai alitaka kumfunga mwanaume kwa dawa ya mapenzi, akafumwa. Damari alilia kilio cha aibu, na kilio hicho ni kibaya kuliko cha msiba, maana kwenye msiba watu wanakuja kukusaidia.

Akaandika ujumbe: "Anselm, nimekukosea nini?"

Jibu lilikuja jioni: "Hujanikosea. Nakupenda. Kimea kilichobaki kichome moto, usiwape hata kuku."

"Kwa hiyo na wewe unaamini nimeweka kitu?"

Tiki mbili zikawa za bluu, basi.

Mzee Mughwai hakuwa mtu wa makelele. Alisubiri mpaka binti yake amalize kuosha vyombo.

"Nampa mpaka Jumamosi," alisema. "Aje aseme sababu mbele ya watu walewale. Asipokuja, barua yao nawarudishia."

"Na mimi baba?"

"Wewe ni mwanangu. Limbwata ungelijulia wapi, wakati hata chumvi kwenye mboga unasahau?"

Damari alicheka huku machozi yanamtoka.

Alhamisi aliamua kukichoma kile kimea. Aliyemtuma ni hasira, wala si utii. Akalikokota gunia mpaka nyuma ya jiko, akalikung'uta. Punje zikamwagika, nyekundu kama mtama wowote wa pombe. Mwishoni kabisa ikadondoka karatasi ya njano, iliyolowa ikakauka ikajikunja. Akaikunjua. Aliisoma amesimama, kisha akairudia amekaa chini.

"Mbegu hizi zimetiwa dawa. Ni sumu. Zisiliwe na binadamu wala mifugo."

Akampigia Anselm simu.

"Nimeona karatasi," alisema.

Anselm akauliza kwa sauti ndogo, "Siku ile, hata tone halikupita kooni?"

"Halikupita. Sasa sema."

"Ni mbegu ya kupanda, niliinunua Itigi. Nikaiweka ghalani karibu na mtama wetu. Jumamosi naenda kuichukua, gunia la mbegu halipo, la mtama lipo vilevile. Nikajua mama kakosea gunia, kaotesha mbegu. Nilipofika kwenu, nakukuta una kata mdomoni."

"Karatasi ya njano, Anselm. Mama ameshindwaje kuiona?"

"Mama haoni, Damari."

"Haoni nini?"

"Haoni. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia ni ukungu mtupu. Huu mwaka wa tatu. Anahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka ghalani. Aliniapisha nisimwambie mtu."

"Na hili la mbegu analijua?"

"Sijamwambia. Anadhani nimechanganyikiwa tu. Hasemi na mimi tangu siku ile."

Damari alimwonea huruma yule mama, huruma ya kweli kabisa. Lakini hasira haikuondoka. Zilikaa pamoja kifuani, kila moja na upande wake.

"Umeniokoa," alisema. "Asante, na nasema kwa moyo. Lakini siku tano hizi mtaa mzima unaniita mpika limbwata, na neno la kunivua aibu ulikuwa nalo wewe."

"Ningesema sumu mbele za watu, na kimea ni cha mama? Unawajua watu. Wangemwita mchawi mpaka anaingia kaburini."

"Kwa hiyo ukachagua niitwe mimi."

"Sikuchagua, Damari. Nilikosa la kusema."

"Ulichagua. Mimi mama simtaji, usiogope. Jumamosi njoo useme unachoweza kusema. Ukinyamaza tena, barua yako itarudi, na sitalia."

Akakata simu, akawasha moto. Kimea kikaungua mpaka punje ya mwisho.

Jumamosi uani walikaa watu walewale, safari hii bila mtungi. Mezani kulikuwa na barua ya posa, imewekewa kikombe juu isipeperuke. Mama Marietha alifika ameshika mkono wa mwanawe, na kila aliyemwona alidhani ni mapenzi tu ya mama na mtoto.

"Shikamooni wazee," Anselm alisalimia, hakukaa. "Kimea kile kilikuwa cha mbegu yenye dawa. Karatasi yake Damari anayo. Mbegu niliinunua mimi, nikaiacha ghalani bila kumwonya mtu. Damari hakujua. Limbwata hakuna. Angekunywa yeye, mkafuata nyinyi, leo hapa ni msibani. Nilipaswa kusema siku ileile, nikamwacha adhalilike. Kosa ni langu."

Minong'ono ikaanza. Belinda akanyoosha kidole.

"Mbegu uliiacha wewe, sawa. Nani aliiotesha?"

"Nimesema kosa ni langu, Mama Belinda."

"Na mimi nauliza aliyeiotesha. Huyo mtu alikuwa na nia gani na sisi?"

Macho yakaanza kugeukia kwenye kigoda cha Mama Marietha. Damari akasimama haraka.

"Pombe nilipika mimi," alisema. "Mpishi anatakiwa kuchambua kimea kabla ya kusaga. Niliona rangi nyekundu, nikasema ni mtama, sikuangalia mara mbili. Kama kuna wa kulaumiwa, anzeni na mimi."

"Kaeni chini, nyote wawili," Mama Marietha alisema.

Alisimama taratibu, akishikilia ukingo wa meza.

"Niliotesha mimi. Niliroweka kwa mikono hii, nikaanika, nikarudisha kwenye gunia lilelile. Karatasi sikuiona kwa sababu sioni. Hata sasa, najua Mughwai yuko mbele yangu kwa kile kikohozi chake. Niliogopa. Nilijiambia, siku wakijua nimekuwa kipofu, nani atakubali kimea changu tena? Nikaficha. Kwa kuficha kwangu nusura niwazike."

Akageuza uso upande wa Mughwai.

"Mughwai, mrudishie huyu barua yake. Alinistiri mimi, ile aibu akamtwisha mtoto wako. Haikuwa haki. Na habari ya sumu hii mimi nimeijua leo hii, papa hapa, kama nyinyi."

Belinda alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Dada Marietha," alisema mwishowe, "sasa si ungesema? Ningekuwa nakuja kukuchambulia."

"Ningesemaje, na mdomo wako naujua?"

Watu wakacheka kwa wasiwasi, na Belinda mwenyewe akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Mzee Mughwai akaichukua barua.

"Hii iliandikwa kwangu, lakini anayeolewa si mimi. Damari, sema."

Damari alimtazama Anselm. Hakuwa anabembeleza. Alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima, mbele ya wazee, na wala hakujifuta. Damari akahisi anampenda, na akakasirika kidogo kwamba bado anampenda.

"Anselm, siku ukinificha tena jambo linalonihusu, hata kama ni kwa kunilinda, siku hiyohiyo narudi kwa baba."

"Nimesikia."

"Na harusi haitakuwa baada ya mavuno."

Anselm aliinamisha kichwa.

"Itakuwa baada ya macho," Damari akaendelea. "Tunampeleka mama mjini Singida, madaktari wamwangalie. Mimi sitaki mama mkwe anayekuja kwenye harusi yangu kusikiliza tu."

Mama Marietha akamtafuta kwa mikono hewani. Damari akaenda, akajiweka kwenye ile mikono.

Miezi mitatu baadaye, kwenye wodi moja mjini Singida, nesi alimfungua Mama Marietha bandeji ya jicho la kulia. Mama akapepesa. Akaona dirisha. Akaona shuka jeupe, akasema jeupe kweli. Kisha akamwona binti aliyekaa pembeni ya kitanda, akamtazama muda mrefu.

"Wewe ndiye Damari?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu cheka."

"Nicheke nini, mama?"

"We cheka tu."

Damari akacheka. Mama Marietha akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Kumbe ana mwanya! Anselm! Mwaka mzima unanisimulia huyu binti asubuhi na jioni, hukuona haja ya kunitajia mwanya?"

"Mama, mimi nilidhani…"

"Nyamaza. Kwako kuficha mambo ni ugonjwa. Nesi, kitanda kingine kipo?"

Walicheka mpaka wakaombwa wapunguze sauti. Wiki iliyofuata Pasaka, Damari na Anselm wakafunga ndoa kanisani Mitundu, na Mama Marietha alikataa katakata kukaa nyuma ya mtu yeyote.