Mnara Haujui Upande

"Pole nimekupa," alisema Mbonea bila kuinua uso. "Umeniambia mama amefariki, nikakwambia pole. Pole ninayo. Ufunguo sina."

"Ufunguo sijakuomba, fundi. Nimekuomba dakika mbili na bisibisi yako."

"Dakika zako mbili ni miaka yangu kumi na minne ya kazi."

"Hivi unajisikia unavyoongea?"

"Najisikia vizuri sana. Wewe ndiye husikii. Nimesema hapana tangu ulipoweka mguu mlangoni, na bado umekaa kwenye kiti changu."

Nasemba hakuondoka kitini. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza ya karakana, na toka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole ulikuwa ndani ya kifumbatio, glavu ya chuma laini iliyofungwa kifundoni kwa pingu nyembamba. Vidole vilikuwa vimekunjwa ngumi. Ndani ya ngumi hiyo kulikuwa na kijiti cha uzi, kirefu kama penseli, ambacho asubuhi hiyo alikitoa kwenye mtambo akaondoka nacho kwa sababu hakuweza kukiachia.

Katika mji ule kila mtu aliijua kazi ya vifumbatio. Kiwandani ndiko ilikosokotwa Kamba ya Anga, ile ambayo ingepandisha mizigo juu ya mawingu bila roketi. Roboti ziliweza kila kitu katika usokotaji isipokuwa jambo moja: hazikuweza kuhisi uzi unaotaka kukatika. Vidole vya binadamu vilihisi, lakini vilichoka. Basi wakavioanisha. Mtu alitoa hisia, kifumbatio kikatoa nguvu, na banda moja la watu sitini na wawili likafanya kazi ambayo mitambo elfu ilishindwa.

"Bwana Kihedu amekuruhusu kwenda msibani," alisema Mbonea. "Nenda."

"Unajua alivyoniambia? 'Nimekuruhusu wewe, sijauruhusu mkono. Mkono una zamu mpaka saa kumi.' Akacheka, na wenzake wakacheka."

"Kihedu hajawahi kuchekesha hata siku moja."

"Shangazi Hadia naye ameniangalia mlangoni akasema maiti haoshwi kwa ngumi. Nimezaliwa peke yangu, fundi. Mama hana binti mwingine. Wanamwosha saa saba, na mimi nitasimama nje kama mpita njia, na hili dude."

Mbonea aliendelea kukaza skrubu ambayo ilishakazwa.

"Zamani kulikuwa na kitufe hapa ubavuni, cha kidole gumba," Nasemba alisema. "Ukikibonyeza, mkono unakunjuka wenyewe. Nani alikiondoa?"

"Kampuni."

"Kampuni ina mikono?"

"Nina watoto watatu shule ya kampuni, na nalala nyumba ya kampuni. Usinichimbe."

Saa ya ukutani ikafika tano kamili. Kifumbatio kikalia kidogo, mlio wa mbu, kikajikaza robo ya mzunguko. Hicho kiliitwa kikumbusho. Mnara uliokuwa katikati ya mji ulikituma kila saa kwa mfanyakazi yeyote aliyeacha zamu yake kabla ya wakati, ili asisahau kwamba bado ana kazi. Nasemba alifumba macho. Hakulia wala hakuguna. Kucha zake, zilizoonekana kwenye upenyo wa vidole vya chuma, zilikuwa na rangi ya zambarau kuukuu.

Mbonea alikuwa amekitengeneza kikumbusho mwenyewe, lakini alikijaribu kwenye mkono wa mpira tu. Hakuwahi kukiona kikifanya kazi kwenye nyama.

"Vikumbusho vingapi mpaka sasa?" aliuliza.

"Viwili. Hiki cha pili." Nasemba alifumbua macho. "Binti yako Nakiete si anaanza Jumatatu? Nimekiona kifumbatio chake. Kimetundikwa ukutani, namba sitini na tatu. Kidogo, kizuri. Siku ukifa wewe mama yake, fundi, nadhani na yeye watamruhusu aje. Bila mkono."

"Funga domo lako."

"Nimefunga."

Mbonea akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akarudi na bisibisi. Alifanya hivyo kwa hasira, kama mtu anayefua nguo ya mtoto aliyejikojolea kwa makusudi.

"Weka mkono vizuri. Usitikisike. Na usinishukuru, sitaki."

Alifungua kifuniko kidogo kifundoni. Chini yake kulikuwa na mota isiyozidi kidole gumba cha mtoto, na waya mbili zikiingia ndani yake, nyekundu na nyeusi.

"Hiyo tu?" aliuliza Nasemba.

"Ulitegemea jini? Umeme ukiingia kwa nyekundu ukatokea kwa nyeusi, mota inazunguka kulia, kamba za ndani zinavuta, ngumi inakunjwa. Ukiingia kwa nyeusi ukatokea kwa nyekundu, inazunguka kushoto, ngumi inakunjuka. Hata tochi ya mtoto inajua hilo. Geuza betri, mota inageuka."

"Basi niwekee betri ya tochi."

"Ndipo unapokosea. Mnara unahesabu kila mzunguko wa mota hii. Ikizunguka mara moja bila amri yake, kengele inalia kwa Kihedu kabla hujatoka mlangoni. Kwa hiyo hatuizungushi. Tunangoja waizungushe wao."

Alikata waya zote mbili. Akaunga nyekundu mahali pa nyeusi, na nyeusi mahali pa nyekundu, akazisokota na kuzifunga kwa utepe. Kazi nzima haikufika dakika mbili. Mota haikusogea.

"Mnara unahesabu mizunguko," alisema, akirudisha kifuniko. "Haujui upande. Saa sita utakutumia kikumbusho cha kukaza. Umeme utaingia kinyume, mkono utalegea. Kila watakapokukaza, utafunguka."

Nasemba alitazama mkono wake kama vile ulikuwa wa mtu mwingine.

"Na saa kumi, wakituma amri ya kukunjua?"

"Hilo ndilo la kusikiliza kwa masikio yote mawili. Kikumbusho ni robo ya mzunguko tu, kimepimwa. Amri ya kukunjua haikupimwa. Inazunguka kwa nguvu zote mpaka kamba ziishe, maana mkono lazima uachie hata kama umenasa. Kwako wewe itakuwa ni kukunja. Itakunja mpaka mifupa isiwepo ya kukunja. Saa tisa na nusu uwe umekaa hapa nizirudishe waya. Sijali kama kaburi limefukiwa ama la. Umenielewa?"

"Saa tisa na nusu."

Wakangoja. Mbonea alichambua misumari iliyokuwa imeshachambuliwa. Saa sita kamili mbu akalia tena, na ngumi ikalegea. Kidole cha shahada kikainuka kwanza, vingine vikafuata kwa kusitasita, na upenyo ukatosha. Kijiti cha uzi kikaanguka sakafuni. Nasemba akavisukuma vidole kwa mkono wa kushoto mpaka kiganja kikawa wazi. Kilikuwa na mfereji mwekundu katikati, na jasho lililoganda. Pingu ilibaki imefungwa, kwa hiyo glavu haikuvuka.

Hakushukuru. Alitoka akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama anayebeba yai.

*

Nyumba ya Nasemba ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Mbonea alikula kiporo cha ugali akiwa amesimama, na alipokuwa akila alikikumbuka kile kitufe.

Ndani ya kila kifumbatio mlikuwa na swichi nne, kama milango minne ya nyumba yenye kona nne. Ukifungua milango miwili ya mshazari, umeme unapita kwenda kulia. Ukifungua miwili mingine, unapita kwenda kushoto. Zamani miwili ya kukunjua ilikuwa chini ya gumba la mfanyakazi. Kisha mwaka mmoja mtu mmoja aliachia uzi ili ajikune, mita mia tano za Kamba zikaharibika, na menejimenti ikaita kikao. Wahandisi wenye shahada walileta michoro mirefu ya kamera na adhabu. Mbonea, mwenye stashahada ya chuo cha ufundi, aliinua mkono. "Mnapoteza muda," alisema. "Ondoeni kitufe. Milango ya kukunjua ipewe Mnara." Walimpigia makofi. Mwezi uliofuata alipewa nyumba yenye vyumba vitatu.

Alikuwa akisuuza sahani wakati honi ya banda, ile ya kumaliza zamu, ilipolia.

Aliitazama saa. Saba na dakika kumi. Akadhani honi imeharibika, na wazo hilo lilimfurahisha kwa muda wa pumzi moja. Kisha kipaza sauti cha ukutani kikakohoa, na sauti ya Kihedu, msimamizi wa banda, ikaingia karakanani.

"Fundi, jiandae kupokea vifumbatio. Nawatoa mapema. Dakika tano natuma kukunjua."

"Kwa nini mapema?"

"Wenzake Nasemba wamenisumbua tangu saa nne. Wanataka kwenda kuzika. Wanasema hawajawahi kumwachia mwenzao jeneza peke yake. Wamekubali kufidia Jumapili nzima, basi nikasema haya, tuna utu na sisi."

Mbonea aliiweka sahani chini. Wale watu sitini na mmoja walikuwa wamefanya walichofundishwa na mama zao. Hakuna hata mmoja aliyejua.

"Usitume," alisema. "Subiri saa kumi."

"Kaburi litanisubiri mimi?"

"Basi mruke namba kumi na tisa."

"Mnara hauruki mtu. Kukunjua ni kwa wote. Kumi na tisa si ndiye huyo huyo mfiwa? Ana nini?"

Angeweza kusema ni hitilafu. Alishafungua kinywa kusema hivyo. Lakini Kihedu angeuliza hitilafu gani, na dakika zingekwisha wakiulizana.

"Nimezigeuza waya zake," alisema. "Ukituma kukunjua, kitakunja. Kitavunja vidole. Yuko na maiti ya mama yake, Kihedu. Anaosha."

Upande wa pili kiti kikakwaruza sakafu.

"Wewe, fundi? Wewe?"

"Mimi. Niandikie barua yoyote unayotaka. Usitume tu."

"Barua nitaandika," alisema Kihedu, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, sauti ya mtu aliyeletewa chai. "Na kukunjua nitatuma. Acha kikunje. Wengine wakiuona huo mkono kaburini, hakuna atakayegusa waya tena. Umenirahisishia kazi. Dakika nne."

Kipaza sauti kikazimika.

Mbonea alipiga simu msibani. Ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti kavu. Nyuma yake watu walikuwa wakisoma.

"Mpe Nasemba. Haraka."

"Nasemba yuko ndani kwa marehemu."

"Mwambie atoke. Mwambie fundi amesema autoe mkono majini, atoke, afungue kifuniko..."

"Mama, humo hamwingii simu wala maneno ya kazini. Wakimaliza nitamwambia."

"Wewe nani?"

"Shangazi yake, Hadia. Na wewe, kama huna adabu ya msiba, kata simu." Akaikata yeye.

Dakika tatu. Kukimbia ilikuwa ni dakika kumi kwa mtu mwenye magoti mazima.

Nje ya karakana, ukutani, palikuwa na sanduku la kijivu lenye antena mbili. Liliitwa kipokezi. Amri zote za Mnara kwenda kwenye vifumbatio vya kata ile zilipita humo, kwa Nasemba na kwa wale sitini na mmoja, na hesabu zote za mizunguko zilirudi Mnarani kwa njia hiyo hiyo. Mbonea ndiye aliyekuwa akilifuta vumbi kila Ijumaa. Likivunjwa muhuri linajiunguza lenyewe, na jingine huletwa baada ya siku tatu.

Siku tatu, ngumi sitini na moja. Hawataweza kutupa udongo kaburini walikoomba kwenda. Hawataweza kula, kujisafisha wala kubeba watoto wao, na yote hayo kwa ajili ya kiganja kimoja. Aliliona jambo hilo lote kwa mara moja, bila kulipunguza.

Akachukua nyundo, akatoka nje, akapiga.

Pigo la kwanza lilipasua kifuniko. La pili lilivunja muhuri, na moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua ukatoka kwenye matundu. Alipiga la tatu kwa sababu mkono ulikuwa bado uko juu. Honi ya kukunjua, ambayo nayo iliendeshwa na kipokezi, ilikuwa imeanza kulia; ikakatika katikati ya mlio.

Bandani zilisikika sauti za watu wakikusanya viatu, wakisubiri. Kisha mtu mmoja akauliza, "Mbona havikunjuki?"

Ndipo lilipomjia, akiwa ameshika nyundo na machozi ya moshi machoni. Kipokezi kilikuwa mdomo wa Mnara na sikio lake. Sasa Mnara haukuweza kuamuru, wala haukuweza kuhesabu. Mota yoyote ingezungushwa upande wowote, na kengele isingelia. Betri moja ya tochi ingetosha, na waya mbili, na mapigo matatu ya nyundo ambayo angeweza kuyapiga mwaka wowote kati ya ile kumi na minne.

Wakaanza kuja. Mbele alikuwa Msechu, mzee wa zamu, mwanaume mpana mwenye kanzu ya mazishi aliyoivaa kwa mkono mmoja na mkono wa pili wa kanzu ukining'inia juu ya chuma. Nyuma yake ngumi zilijaa uani, kila moja na kijiti chake. Mbali, upande wa ofisini, Kihedu alikuwa akipiga kelele kuwaita walinzi.

"Fundi," alisema Msechu, akimwinulia ngumi karibu na uso. "Nani ameua kipokezi?"

"Mimi."

"Na tunazikaje?"

Mbonea aliitupa nyundo. Alitoa betri kwenye tochi yake, akauma waya mbili kwa meno kuzivua plastiki, akauvuta ule mkono kuelekea kwake.

"Na kile kitufe cha gumba," alisema, akifungua kifuniko, "nilikiondoa mimi. Ukitaka kunipiga, subiri kwanza nikufungue."

Akagusisha nyeusi mahali pa nyekundu, na nyekundu mahali pa nyeusi.