Mwanangu Aliuza Kahawa Yetu Akanunua Kamera Kubwa

Hivi wewe unayesoma, umewahi kufika shambani kwako na kapu la kuchumia, ukakuta wengine wanachuma?

Mimi yalinipata. Nina miaka sabini na kitu, naishi Tunduma, shule niliishia darasa la pili. Haya nayasema kwa mdomo, anaandika mjukuu wangu Tusa, na nikizidisha maneno ananikonyeza ninyamaze. Sinyamazi…

Marehemu mume wangu aliniachia studio ya picha karibu na mpaka, na shamba la kahawa kule Isansa. Studio ilikuwa na kamera ndogo za digitali, lakini watu walijaa. Hata Wazambia walivuka kuja kupiga picha kwetu, maana nilikuwa nawachekesha mpaka wanasahau kununa. Mtu akijiona amependeza, anataka nini tena?

Basi jirani akafungua studio yake na kamera kubwa. Mwanangu Ezekia, baba yake Tusa, akakosa raha. Kutwa ni fulfremu, fulfremu. Nikamwuliza ndiyo kitu gani. Akasema ni kamera ambayo kile kioo cha ndani kinachonasa picha ni kikubwa, sawa na filamu aliyotumia baba yake. Zetu zilikuwa na kioo kidogo.

"Mama, hata kampuni zinazotengeneza kamera, isiyotoa fulfremu imekwisha. Wateja wataikimbia. Na sisi tutakimbiwa."

"Hao wa kampuni wanashindana huko kwao," nikamwambia. "Wewe nani amekukimbia? Juzi tu umeshindwa kula mchana kwa foleni."

"Mambo haya huyajui, mama."

"Siyajui. Ila wateja nawajua kwa majina."

Akacheka. Nikadhani yameisha…

Msimu wa kuchuma ulipofika nikapanda gari mpaka Isansa. Nikakuta watu kwenye mibuni yangu. Mama mmoja akanisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo bibi, karibu. Shamba hili kijana wako ametuuzia, alisema mmekubaliana." Nikakaa chini palepale, kapu mapajani. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Niliporudi Ezekia hakukana. Alikuwa ameipakata kamera mpya kama mtoto mchanga. Pesa ilitosha kununua kamera yenyewe, lenzi yake ikamshinda. Akaifunga lenzi ya zamani, ya kamera ndogo. Ikaingia vizuri tu, akafurahi.

Kazi ya kwanza ikawa harusi kubwa hapa mjini. Kwenye picha ya ukoo watu walipanga mstari mrefu, wazee wa kike wakashika ncha huku na huku, ndivyo tunavyosimama kwetu. Ezekia alipochungulia kwenye kamera aliona kiza pembeni, akadhani ni kivuli cha turubai. Kumbe lenzi ndogo haiwezi kukijaza kioo kikubwa… Picha zikatoka safi katikati, pembeni nyeusi tii, kama umechungulia ndani ya mtungi. Wazee wote wa pembeni wamemezwa.

Bibi mmoja wa bibi harusi, aliyekuwa amesimama ncha, alifariki siku chache baada ya harusi, kabla picha hazijafuatwa studio. Familia ikaja studio kutafuta sura yake ya mwisho. Baba wa bibi harusi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama yangu yuko wapi hapa?"

Ezekia akazipitia picha zote upya, moja moja.

Habari ikazunguka mji mzima. Wateja wakapotea, studio ikafungwa. Ezekia akaenda Saza kutafuta dhahabu, salamu zake zinakuja kwa nadra. Shamba halikurudi. Mibuni ile niliipanda kwa mikono hii…

Wasomaji wangu, sisemi kamera kubwa ni mbaya. Labda mwenye kampuni inamlazimu. Ila wewe, kabla hujakimbizana na jirani, waulize wanaokuja mlangoni kwako wanataka nini. Na mali ya familia usiiuze kwa siri, hata kama mama yako hajasoma. Nawaomba sana, msipite njia hiyo.

Sasa Tusa ndiye anapiga picha, kwa kamera ndogo iliyobaki. Juzi akaiona kamera kubwa begani kwa mtu, macho yakamtoka. Nikamvuta shati. Akanishika mkono, akaniahidi: "Bibi, siku nikiitaka kubwa nitakuuliza wewe kwanza, mbele ya watu. Ukikataa nitanuna kidogo, halafu nitaendelea na kazi."